Mama Spika na Reli ya Pili

Watu wa mji ule walimjua kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Aliyewahi kupanda treni hata mara moja alikuwa amemsikia akisema, kwa sauti laini isiyo na haraka, "Abiria mnaombwa kusogea nyuma ya mstari mweupe." Walimwita Mama Spika. Mumewe, mchomeleaji wa mageti aliyestaafu kwa sababu ya macho lakini hakustaafu maneno, aliwaambia wageni kwamba yeye ana wake wawili ndani ya gauni moja: mmoja anatangaza treni imechelewa, mwingine anatangaza chakula kimechelewa, na wote wawili wanaomba samahani bila kumaanisha.

Mzaha huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Sauti ya kwenye spika ilirekodiwa zamani, yeye akiwa kijana bado, na mimba ya binti yake wa pekee tumboni. Walimfungia katika chumba kilichozibwa kwa magodoro ukutani, wakampa karatasi, akasoma. Majina ya stesheni. Namba. Saa. "Imechelewa." "Imefutwa." "Inaingia." "Safari." "Kurudi." Kila neno alilisoma peke yake, kama mtu anayepanga vyombo kabatini, ili baadaye mashine iyachukue na kuyaunga yenyewe. Miaka ikapita, akaota uvimbe shingoni, wakamfanyia upasuaji, uvimbe ukaondoka na ulaini wa sauti. Kilichobaki kilikuwa mkwaruzo, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Ile sauti ya mashine haikuzeeka wala haikuugua. Yeye alikaa mbele yake na kuibonyezea vitufe.

"Mimi ni yaya wa sauti yangu," alikuwa akisema.

Kipaza sauti chenyewe alikitumia kwa kazi moja tu, nayo hakuna aliyewahi kumwajiria. Chumba cha matangazo kilikuwa ghorofani, na dirisha lake pana lilitazama stesheni nzima. Kamera za stesheni zilikufa miaka mingi nyuma. Ndani ya mojawapo ndege alikuwa ametaga. Kwa hiyo macho ya stesheni yalikuwa yale ya Mama Spika. Akimwona mtu yuko hatarini au amepotewa na kitu, alimwita kwa alivyomwona. "Mama mwenye mkoba mwekundu, mtoto wako hajapotea. Yuko nyuma yako, anatafuna tiketi." Watu walicheka, na mama mwenye mkoba mwekundu aligeuka mbio. Wakuu walimkanya mara nyingi. "Tangaza, usisimulie." Baada ya upasuaji alipunguza mwenyewe, kwa kuionea haya ile sauti ya kiti.

Vita vilipoanza, vilianzia mtoni, mpakani, mbali kiasi kwamba mizinga haikusikika. Mjini vilifika kwa njia nyingine. Siku moja mashine za benki zikakataa kadi za watu wote. Siku nyingine taa za barabarani zikawaka mchana kutwa na kuzimika magharibi. Watu wakatania kwamba adui ni mtundu, amejificha kwenye soketi. Mama Spika naye alitania, mpaka asubuhi ile simu za askari wa akiba zilipolia kwa wakati mmoja.

Alikuwa kwa mwenye duka, ananunua sabuni. Simu ya mwenye duka, aliyekuwa mmoja wao, ikalia, naye kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mafuta ya taa, akaifungulia sauti juu ya meza. Mama Spika akajisikia akisema: "Samahani. Safari imefutwa. Mnaombwa kurudi."

Ilikuwa sauti yake ya ujana, laini, haina wasiwasi.

Mwenye duka akamtazama mdomo. "Dada, wewe umesema bila kufungua kinywa?"

"Si mimi."

"Ni wewe kabisa. Hata ile samahani yako."

Aliacha sabuni akaondoka mbio bila kujua anakimbilia wapi. Mpaka jioni ilikuwa imejulikana. Askari wengi wa akiba walikuwa wamegeuza njia wakarudi kwao kwa moyo mweupe, maana nani asingeiamini sauti iliyowapandisha treni tangu utotoni? Kikosi kilichotakiwa kulinda daraja la mpakani kilifika nusu, na daraja likaenda kwa adui bila mtu kurusha hata jiwe.

Aliyetumwa kumhoji alikuwa afisa wa usalama wa mtandao, mtu mwembamba mwenye mafua yasiyoisha, anayeandika herufi ndogo zilizonyooka. Mama Spika alidhani anapelekwa ndani. Akajibu maswali yote amesimama, kiti kimewekwa na hakukikalia.

"Mama, kaa. Hukamatwi," afisa alisema akipenga kamasi. "Tumeshaona walivyoingia. Walikaa ndani ya kompyuta za reli tangu kabla ya vita, kimya, wanasoma. Maneno yako waliyakuta yamepangwa vizuri, moja moja."

"Vyombo kabatini."

"Ndiyo. Wameviiba, wameandaa meza yao." Alikunja karatasi. "Zamani ukitaka daraja ulipeleka mizinga, ukapoteza watu. Hawa wametumia neno samahani. Sasa kazi yangu ni kuwaambia watu wasikuamini tena."

"Wasiniamini mimi?"

"Wasiiamini sauti. Nisamehe, Mama. Sina namna ya kuwatenganisha."

Wakabandika matangazo kwenye kila nguzo na kuyasoma redioni: sauti ya matangazo ya reli imevamiwa, mtu yeyote asiitii. Afisa akaja chumba cha juu, akazima mashine, akazungushia kipaza sauti utepe mwekundu na kutia saini juu ya utepe. Mama Spika hakupinga. Alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba mtaani kwake kurudia onyo, maana aliona kama ni mbwa wake aliyeuma watu. Wa kwanza kumwambia alikuwa binti yake, nesi wa hospitali ya wilaya, naye alikuwa kwenye orodha ya akiba.

"Hata ukinisikia kwenye spika nakuita kwa jina, kaa hapo hapo ulipo. Siyo mimi. Umenielewa?"

Binti akacheka. "Mama, leo ndiyo mara ya kwanza unaniamuru nisikutii. Nimeliombea hili tangu niko darasa la tano."

"Niapie."

"Haya, naapa. Sikutii."

Tangu hapo Mama Spika hakutulia. Kazini alikuwa anakwenda, maana hakuna aliyemwambia asiende, lakini kazi haikuwepo. Treni zilitangazwa na wanaume wawili waliotembea huko chini na mbao zilizoandikwa kwa chaki. Yeye alifuta kioo cha dirisha, akamaliza, akaanza upya. Alipanga vikombe, akavipangua. Nyumbani aliinuka katikati ya chakula kwenda kuangalia kama simu imelala kifudifudi. Alianza kuzungumza kwa mafungu mafupi, kama mtu anayehofia kuna mwingine anayaokota maneno yake kwa nyuma.

"Keti, mke wangu," mumewe alimwambia. "Unatembea kama umekanyaga siafu."

"Sasa hivi, huko aliko, ananifanya nasema nini?"

"Nani?"

"Huyo aliyenichukua."

Mume akafikiri. "Kama anayo sauti yako yote, basi masikini naye anaambiwa chakula kimechelewa."

Mama Spika hakucheka, na hilo lilimtisha mumewe kuliko mizinga.

Siku ya binti kusafiri ilifika na pilikapilika zake. Binti alichelewa kuamka, akanywa chai amesimama, na kwa kuwa mpakani kulisemekana kuna baridi, akanyakua sweta la kijivu la mama yake kutoka kwenye kamba na kulitia kichwani huku anafunga sanduku kwa goti. Alikwisha kaa nyuma ya pikipiki, sanduku limebanwa kati yake na dereva, ndipo mama akaona kwamba sweta limevaliwa ndani nje. Mishono yote iko hadharani, na lebo nyeupe imechomoza kisogoni kama ulimi.

"Mwanangu! Sweta!"

Ile sauti ya kiti haikufika hata getini. Pikipiki ikaondoka. Binti akapunga mkono bila kugeuka.

"Mwache," mume alisema. "Akifika huko watamwambia."

Mama Spika akachukua mkoba wake, akaenda kazini kwa miguu, haraka, akijisemea kwamba atamwahi stesheni amgeuzie sweta, na ndani yake akijua kwamba si sweta analolikimbilia.

Stesheni ilikuwa imefurika. Kulikuwa na askari wa akiba na wasindikizaji wao, na watu waliokimbia vijiji vya mtoni ambao hawakujua waendako ila tu wasikotaka kurudi. Daraja la kuvukia watembea kwa miguu lilijaa hadi likasimama. Walio juu hawakupanda wala kushuka. Majukwaa yalipofura, watu walimwagikia pale walipozoea kumwagikia siku zote, yaani reli ya pili.

Mgeni asingeelewa. Reli ya pili ilikuwa ya kiwanda cha sukari, na kiwanda kilifungwa watoto wa sasa hawajazaliwa. Hakuna treni iliyopita hapo. Nyasi ziliota katikati ya mataruma, zile mbao za kulaza reli, na vyuma vyake viling'aa kwa makalio ya watu, si kwa magurudumu. Reli ya pili ilikuwa benchi la mji. Watu walifanyia posa hapo, wakasuluhishia ugomvi hapo, wakangojea treni za reli ya kwanza hapo. Hata wafanyakazi wa stesheni walikula hapo. Siku ile ilikaliwa kutoka nguzo ya kwanza hadi mwisho wa jukwaa, watu bega kwa bega, na mizigo mbele ya magoti.

Mama Spika hakuweza kupenya. Akapanda chumba chake ili amtafute binti kwa macho. Afisa mwenye mafua alikuwa humo, amekuja kukagua nyaya pamoja na mkuu wa stesheni, mtu mnene mpole aliyeamini kwamba hakuna jambo lisilotulia likipelekwa juu. Mama Spika akawaamkia, akaenda dirishani. Haikuchukua muda. Katikati ya reli ya pili, kundi la manesi. Na katikati ya manesi, mgongo wa kijivu wenye mishono nje.

"Yule pale," alisema peke yake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi pumzi yake ikashuka.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Fundi Waya, mtunza nyaya wa stesheni, mzee wa mwendo wa pole ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Simu ya zamani imelia," alisema akihema. "Ile ya kuzungusha. Ni mtu wa ishara wa stesheni ya jirani. Treni ya mafuta ya jeshi imempita sasa hivi, mwendo wote. Ilikuwa ipite hapa reli ya kwanza bila kusimama. Njia panda ya reli, pale reli mbili zinapoachana, imejigeuza."

"Imejigeuza vipi?" mkuu aliuliza.

"Yenyewe. Kompyuta inaigeuza. Anaamuru irudi, inakataa. Taa ni ya kijani. Dereva anaitwa kwenye redio, anapokea kelele tu."

"Imegeukia wapi?"

Fundi aligeuka. Alitazama dirishani, na wote wakatazama alikotazama.

Afisa alikuwa amepauka. "Hawakumaliza na daraja," alisema polepole. "Kwanza wametufanya tuizime sauti. Sasa wanaleta treni."

"Ngojeni nipige simu makao makuu," mkuu alisema, akinyanyua simu.

Fundi alishanyakua bendera nyekundu na kushuka ngazi. Wakamwona kwa juu akiingia kwenye umati, akamezwa kama jiwe kwenye uji, bendera tu ikibaki juu, ikisogea hatua na kusukumwa nyuma hatua. Afisa alilipiga dirisha ngumi kuwaita polisi wawili wa jukwaani, nao wakapuliza filimbi, lakini nani husikia filimbi moja kwenye uwanja wa filimbi?

Mama Spika alikuwa mbele ya kipaza sauti. Hakukigusa. Utepe mwekundu ulikuwa pale pale, na saini juu yake.

"Baba," alimwambia afisa, "yule ni mwanangu."

Afisa akaikata saini yake mwenyewe kwa kucha, akauchana utepe. "Sema. Lakini Mama, hawatakuamini. Tumewakataza sisi."

Akawasha. Spika zikakohoa stesheni nzima, na watu wakainua nyuso.

"Ondokeni reli ya pili," alisema. "Wote. Treni inakuja reli ya pili."

Mkwaruzo ulizunguka kwenye nguzo ukarudi.  Kisha mtu mmoja huko chini akapiga mluzi, na kicheko kikapasuka.

"Adui ana mafua leo!"

"Hata kuigiza hajui! Mama Spika ana sauti ya asali, huyo ana sauti ya mashine ya kusaga!"

"Reli ya pili! Wewe, hujui hata mji wenyewe!"

"Mmeshikwa mara moja, msishikwe tena! Kaeni, ndugu zangu, kaeni!"

Wakakaa. Waliokuwa wamesimama kunyoosha miguu nao wakakaa, kwa uzalendo. Mama Spika akamwona nesi mmoja mnene akiinuka kwa mashaka na kuangalia upande njia inakotokea. Akaona mkono wa sweta la kijivu ukimshika nesi yule kwenye kiuno cha gauni na kumrudisha chini. Binti yake alitikisa kichwa, tena kwa nguvu. Alikuwa anatimiza kiapo.

Mama Spika akafikiri upesi. Mtu yeyote angeweza kusema treni inakuja. Yule mwizi, popote alipo, mbele ya kioo chake, mbali huko, angelisema kwa sauti tamu zaidi. Alikuwa na maneno yake yote, na labda akitaka atapata na huu mkwaruzo. Ni kitu gani cha hapa ambacho hakuwa nacho?

Chini yake, mwanamume wa shati la njano alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya reli, anawachekesha watu kwa kumwigiza.

"Wewe wa shati la njano," alisema Mama Spika. "Uliye juu ya ndoo. Kifungo cha tatu huna."

Mwanamume akanyamaza. Akajitazama kifuani.

"Ndiyo, wewe. Unajishika kifua. Jirani yako wa kofia anacheka. Mzee wa kofia, usicheke, maji yako yanamwagika kwenye kiatu. Cha kushoto."

Mzee akaangalia kiatu. Akainua chupa. Kicheko kilikatika pale walipokuwa hao wawili tu, kama taa ya nyumba moja imezimwa.

"Mama mwenye kitambaa cha zambarau, umemfunga mtoto mgongoni, soksi yake moja imeanguka nyuma yako. Iache. Nyanyuka. Vijana watatu mnaokula kwenye karatasi moja, nyanyukeni. Wewe unayemwonyesha mwenzako huku kwa kidole, ndiyo, niko hapa juu, dirishani. Nitazameni. Napunga kitambaa. Huyo aliyewadanganya kwenye simu hawaoni. Mimi nawaona. Nawaona wote, na treni inakuja reli ya pili."

Sasa nyuso zilikuwa zinageuka kwa mafungu, kama shamba linalopigwa na upepo. Wa shati la njano alikuwa wa kwanza kuruka jukwaani, akaanza kuvuta watu kwa mikono. "Ni yeye! Anatuona! Ameniona kifungo!" Aliyekuwa hajaitwa akahofia kuitwa. Aliyeitwa akamvuta asiyeitwa. Mama Spika hakupumzika. Aliwataja kwa alichokiona, mwenye gongo, mwenye kuku wa kichwani, wawili walioshikana mikono wakidhani hawaonekani. Na shingo yake ilikuwa inawaka kama jeraha jipya. Aliruka kutoka mmoja hadi mwingine, na jicho lake moja likabaki katikati, penye manesi, ambao walisimama wote ila mmoja.

Huyo mmoja alikuwa ameziba masikio. Ameziba kwa viganja viwili, kichwa kimeinama, kama anavyofanya mtu mwaminifu aliyekatazwa kusikiliza. Wenzake walimvuta, aliwasukuma.

Kwa mbali honi ikalia.

Mama Spika akausogeza mdomo kwenye kipaza sauti hadi ukagusa chuma. Sauti yote aliyokuwa nayo aliitoa hapo, na ilitoka mbovu kuliko zote.

"Na wewe uliyevaa sweta la mama yako ndani nje. Lebo iko kisogoni. Nesi mnene, mshike hiyo lebo."

Nesi mnene akaishika, akaivuta. Binti akapeleka mkono nyuma ya shingo. Mkono ukakutana na lebo, ukaganda hapo. Akageuza uso juu, moja kwa moja dirishani, macho yake yakiwa ya mtoto wa darasa la tano. Kisha akasimama, akarukia jukwaani, na nusu ya kundi lake ikamwangukia juu.

Treni ya mafuta iliingia ikipiga honi mfululizo, breki zinalia na cheche zinaruka kwenye nyasi. Haikusimama, ilikuwa ndefu na nzito mno. Matangi yakapita moja baada ya jingine mahali ambapo mji ulikuwa umekaa. Lilipopita la mwisho, palibaki ndoo iliyokunjwa kama karatasi, soksi moja ya mtoto ikiwa nzima kabisa, na sanduku la binti limepasuka, magauni meupe ya unesi yametawanyika kwenye mataruma. Mtu hakuwepo hata mmoja. Treni yenyewe ilikuja kusimama mbele, karibu na kiwanda. Fundi Waya alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa, bendera mkononi, analia waziwazi bila kujifuta.

Mkuu wa stesheni alikuwa bado ameshika simu. "Makao makuu wanasema tusubiri maelekezo," alisema, akaiweka chini taratibu. Akaketi kwenye kiti cha Mama Spika.

Binti alipanda ngazi baada ya umati kulegea. Walishikana. Ndipo binti akasema, "Ilikuwa inanikuna shingo tangu asubuhi. Nikadhani ni woga."

Mama Spika akamvua sweta, akaligeuza, akamvisha tena kama mtoto.  Sauti ilikuwa imekwisha kabisa.

Treni ya askari wa akiba iliondoka jioni, baada ya njia panda kurudishwa kwa mikono na nyundo, na binti akaondoka nayo akiwa na mfuko wa plastiki badala ya sanduku.

Siku zilizofuata afisa alikuja mara kadhaa na karatasi zake. Mashine ya zamani iling'olewa. Kwa amri yake, kila tangazo la stesheni sasa ni lazima litolewe na mtu aliye dirishani, na aanze kwa kumtaja mtu mmoja anayemwona. Mkuu alipotaja kwamba bajeti ya kamera mpya hatimaye imepita, afisa alipiga chafya na kusema, "Mzee, nakuomba, yule ndege umwache na mayai yake." Maana macho nayo huibwa.

Mama Spika alipona koo kiasi cha kusema, akarudi kazini, na sasa alikuwa na kazi tele. Watu walizoea mkwaruzo wake. Wengine walivaa vitu vya ajabu makusudi ili wapate kutajwa. Wa shati la njano alishona kifungo cha tatu cha rangi nyekundu na kupita chini ya dirisha kila apatapo nafasi. Lakini Mama Spika hakurudi kuwa mtu wa kukaa. Alitangaza amesimama. Kila alilolisema, alihisi kuna kabati mahali linafunguliwa, neno linawekwa ndani, kabati linafungwa.

Mpaka adhuhuri moja, simu yake ikalia nyumbani, amepumzika. Namba ilikuwa ngeni. Mumewe akainua kichwa.

"Mama," ilisema simu, katikati ya mvumo. "Ni mimi. Tumepata mtandao sasa hivi tu. Niko salama."

Mama Spika alisimama. Ilikuwa sauti ya binti yake, na ile namna yake ya kumeza mwisho wa maneno.

"Sweta umelivaaje?" aliuliza.

Kicheko. "Ndani nje, Mama. Wenzangu wote wanavaa hivyo sasa. Wanasema lina bahati."

Alianza kutabasamu, na tabasamu likamfia usoni. Habari ya sweta ilikwisha pita kwenye spika zote za stesheni. Ilikuwa imesikiwa na kila mwenye sikio, na kila mwenye simu iliyokuwa wazi mfukoni. Alipekua akilini mwake akitafuta kitu kingine, kitu ambacho hakuwahi kukisema popote, na kila alichokishika aliona amewahi kukisema.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Mbona kimya?"

"Ongea tu," alisema. "Ongea chochote. Niambie unaona nini hapo ulipo. Usikate."

Binti akaanza kusimulia. Kuna hema lililotobolewa na panya. Kuna daktari anayeimba akishona watu, vibaya, na wagonjwa wanamwomba awatie ganzi ya masikio. Kuna mto, ila hawaruhusiwi kuusogelea. Mama Spika alisikiliza amekwenda dirishani, ingawa dirisha lile lilitazama tu ukuta wa jirani na kamba ya nguo, macho ameyakaza kana kwamba akikaza zaidi ataviona.

"Ni yeye?" mume alinong'ona.

"Ni yeye," alisema.

Mume akamsogezea kiti. Aliendelea kusimama, simu sikioni, mpaka mtandao ulipokatika wenyewe.